Nafasi ya Kasereka

Jumatatu, 3 Machi

Mchanga tena. Ndoo arobaini kabla ya saa sita, halafu nikaacha kuhesabu. Sasa tuko ghorofa ya tatu. Ngazi ni za miti na mti mmoja umelegea. Kapita, msimamizi wetu, ameambiwa. Kapita hajali. Mgongo unauma upande wa kushoto, chini.

Nilipotoka kazini Kimemi nilipita kwa Zuhura kuchaji simu. Mke wangu Masika hajapiga. Siku ya tisa leo. Kwetu Alimbongo hakuna rezo ya simu mpaka mtu apande kilima cha shule, na yeye ana mimba ya miezi minane na zaidi. Barabara ya kusini, ya kwenda kwetu, imefungwa kwa vita. Waliojaribu kupita wamerudi, na si wote.

Zuhura ni fundi wa simu hapa Mususa, mjini Butembo, chumba cha mbele katika parsele ninayopanga, kiwanja cha vyumba vyenye ua mmoja. Ametoka Beni, binti wa mfanyabiashara Mwislamu. Yuko peke yake kama mimi. Akimaliza simu za watu anatengeneza mchezo wake wa simu. Anauita Parsele. Mchezaji anapewa kiwanja kitupu, anajenga, anapanda kabichi, anafuga mbuzi. Kuna watu wa hapa na wa Beni wanaoucheza. Sasa anataka kuongeza viumbe wadogo: vyura, konokono, nyenje, vinyonga. Mchezaji awaweke katika sanduku la kioo lenye udongo, majani na maji, wazaliane humo. Anataka mchezo uwe tayari siku ya Idi.

Leo alinionyesha kinyonga wake akitaga mayai. Nikamwambia wa kwetu milimani hatagi. Anazaa.

"Anazaa namna gani, Papa Paluku? Kama mbuzi?" Ananiita kwa jina la mwanangu wa kwanza.

"Kama mbuzi. Batoto banaanguka mu majani, banaanza kutembea."

Alicheka mpaka akaona mimi sicheki. Akafuta mayai yote.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Nilipakwa saa kumi na mbili asubuhi, na kufika saa tatu jasho lilikuwa limeyaleta machoni.

Nyuma ya jengo, kwenye ua wa miti, nimemwona kinyonga. Jike, tumbo limejaa kama soksi iliyotiwa maharagwe. Nilimweka ndani ya kofia yangu. Muhindo, fundi muashi ninayembebea mchanga, alishuka jukwaani upesi kuliko siku ya malipo.

"Katembo! Weye mulozi? Tupa hiyo kitu!"

Sikutupa. Nilimwomba kapita vioo vya dirisha vilivyovunjika. Akasema chukua, visinikatie mtu. Jioni nilivikata vizuri, nikaviunga kwa gundi ya mastiki, juu nikaweka wavu wa mbu. Nimejenga nyumba nyingi mjini hapa na sijalala hata katika moja. Hili sanduku nililiweka mezani kwa Zuhura nikakaa kulitazama kwa muda mrefu. Lilikuwa zuri.

Zuhura alifuturu kwa maji, kwa maana wao wako katika mfungo, kisha akaanza kumchora kinyonga. Anamchora jicho moja likitazama mbele na jingine nyuma. Mimi pia niko hivyo siku hizi.

Alhamisi, 6 Machi

Mama Kahindo, mwenye parsele, ameliona sanduku. Kelele zilifika barabarani.

"Kinyonga mu parsele yangu? Na weye, Papa Paluku, bibi yako iko na mimba! Hauogope?"

"Mama, ni ya kazi," Zuhura akasema, akionyesha kompyuta yake. "Ni ya ordinateur."

"Ordinateur inakula nzi?"

Mwisho amekubali, ila sanduku lifunikwe kitambaa akipita, na mnyama aondoke kabla ya Idi. Nilicheka. Nilipofika chumbani kwangu sikucheka tena. Mimi siamini kwamba kinyonga analeta balaa. Lakini siku kumi na mbili bila simu zinamfanya mtu aamini chochote.

Jumapili, 9 Machi

Zuhura ana shida. Viumbe katika mchezo wanazaa kupita kiasi, na mchezaji anachoka kuwapa majina. Watu wanaandika A, B, C. Mmoja wa Beni amewaita vyura wake wote Shefu.

Nikamwambia sisi Wanande hatuna shida hiyo. Jina linamngoja mtoto. Mvulana wa kwanza wa mama ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, wa tano Katembo, wa sita Mbusa. Ukisikia jina la mtu unajua amesimama wapi mlangoni kwa mama yake. Wasichana wana mstari wao.

"Nimekulia Beni," akasema, "na akina Kambale bote nilisoma nabo. Nilijua kuna mpango, mais sikujua ni hesabu kabisa!"

Aliandika orodha palepale. Sasa kinyonga wa mchezo akizaa, majina yanajitokeza yenyewe. Aliniuliza mara tatu kama nimemaliza, kama hakuna jina jingine. Nikasema hakuna. Nimeishia darasa la sita, na leo kitu kilichotoka kichwani mwangu kimeingia ndani ya simu za watu. Nimefurahi. Niandike hivyo, maana siku za kuandika hivyo ni chache.

Jumatatu, 10 Machi

Nilimweleza Muhindo habari ya majina wakati wa kula. Alijigamba.

"Miye sina namba. Mama alizaa banamuke bane, kisha miye. Niligeuza njia. Ndiyo maana ya Muhindo. Weye simama mu foleni yako, Katembo, namba tano."

Wote walicheka. Mihogo ilikuwa haijaiva.

Jumanne, 11 Machi

Masika amepiga. Mzima. Tumbo limeshuka, miguu imevimba. Watoto wazima. Nilikuwa na maneno mengi, yakapotea yote.

Kisha akasema mama yake ameamua kwamba akizaliwa mvulana ataitwa Kasereka.

Nikasema hapana. Kasereka alishazaliwa. Huyu ni Kakule.

Nilisikia upepo wa kile kilima. Simu ikakatika.

Niliandike, sijawahi kuliandika. Tuna Paluku, miaka tisa. Tuna Kambale, miaka sita. Mwaka jana mwezi wa kwanza Masika alizaa mvulana wa tatu. Aliishi siku mbili. Mimi nilikuwa hapa Butembo nabeba mawe. Waliponipata kwenye simu alikuwa ameshazikwa. Hakubatizwa, hakuandikwa ofisini, hakupigwa picha. Sijui alifanana na nani. Nilichonacho ni nafasi yake ya tatu tu. Sasa wanataka kumpa mwingine.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefanya vibaya.

Zuhura alinipa simu yake ya zamani nijaribu mchezo. Nilikuwa na vinyonga watano wadogo katika sanduku. Nilisahau kuwawekea maji, na mmoja akafa. Alikuwa Paluku. Nikatazama tena. Kambale sasa alikuwa Paluku. Kasereka alikuwa Kambale. Wote walikuwa wamepanda hatua moja, kama watu wa foleni mtu akitoka mbele.

Nilimuuliza ni nini hiki.

"Ni tableau tu, Papa Paluku, orodha ya majina. Ukitoa moja, zingine zinapanda. Hakuna shimo."

"Mutu akikufa, ndugu yake hapana chukua jina yake!"

"Mais ni kinyonga ya mchezo!"

"Rudisha. Rudisha yeye pale alikuwa!"

Nilipiga meza. Bisibisi zake ziliruka, skrubu za simu ya mteja zikatawanyika sakafuni. Zuhura alipiga magoti akaanza kuziokota, na alikuwa hajala tangu alfajiri. Nilitoka.

Sasa naona simu yangu nimeiacha kwake.

Ijumaa, 14 Machi

Sikwenda. Aibu. Nilishinda kazini mkono ukitafuta simu mfukoni, hakuna simu. Niliangusha ndoo ya mchanga kutoka ghorofa ya pili. Haikumpata mtu. Kapita alinitukana, na alikuwa na haki.

Baada ya kazi nilitembea bila kwenda mahali. Mpaka sokoni, mpaka kanisani, tena sokoni. Mimi ni Katembo. Wa tano. Waliozaliwa kabla yangu wanne, wawili niliwakuta wamekufa. Kama mama yangu angewasogeza walio hai, mimi ningeitwa Kasereka. Ningeitika jina la mtu mwingine maisha yangu yote, bila kujua. Mama hakusogeza. Alipotuita kula alituita sisi watatu, lakini katika majina yetu walikuwamo wote watano. Nilikuwa sijafikiria jambo hili hata siku moja mpaka kinyonga wa simu alipokufa.

Jumamosi, 15 Machi

Nilikwenda kuomba msamaha. Zuhura alinisukumia simu na kiti.

Masika alikuwa amepiga jana. Zuhura alipokea, akiogopa kuwa uchungu umeanza. Wacha nicheke kidogo. Mke wangu juu ya kilima na tumbo lile, sauti ya mwanamke inatoka katika simu ya mumewe.

"Aliniuliza weye ni nani. Nikasema miye fundi ya simu. Akasema, hata mafundi banalala na simu ya bwana za batu? Nikaapa na mfungo wangu."

Waliongea mpaka salio la Masika likaisha, unités zote. Sijui wanawake wanafanyaje hivyo. Mimi na miaka kumi ya ndoa hatujawahi kumaliza unités.

Kisha Zuhura akaacha kutabasamu. Akasema si mama mkwe. Ni Masika mwenyewe ndiye anayetaka jina hilo. Alimwambia hivi, na nayaandika kama nilivyoambiwa: "Nilimuita siku mbili tu. Nataka niite ile jina, mutu aitike."

Zuhura akawa anasafisha simu ya mtu kwa brashi, mahali palepale, muda wote.

Nimekasirika. Kwa nini amwambie mgeni? Nimekasirika pia kwa sababu najua kwa nini.

Jumapili, 16 Machi

Misa. Sikusikia mahubiri. Mbele yangu mama mmoja aliita mtoto wake aliyekimbilia mlangoni, jina hilohilo, Kasereka, na mtoto akarudi. Kitu kidogo tu. Nilitoka kabla ya baraka.

Jumatano, 19 Machi

Kinyonga amezaa.

Zuhura alimtuma mtu mpaka kwenye jengo kuniita. Kapita alisema nenda, leo una sura ya mgonjwa. Nilipofika jike alikuwa juu ya tawi, anatembea polepole, anaacha mtoto, anatembea tena. Kila mmoja anaanguka ndani ya kifuko chenye ute, anagonga jani, anakipasua, anasimama. Mdogo kama kucha. Tayari macho mawili yanatazama pande mbili. Zuhura alipiga picha mia. Hata Mama Kahindo alisimama mlangoni, kitambaa mdomoni, akasema "Yesu" mara nyingi, lakini hakuondoka.

Wawili hawakupasua vifuko. Tulisubiri. Niliwagusa kwa jani. Hawakusimama.

Zuhura alifungua daftari lake la kazi. Nilijua ataandika tisa. Tisa ndio waliokuwa wanatembea. Aliinua kalamu, akanitazama, akaandika kumi na mmoja.

Wale wawili niliwazika karibu na ukuta. Nilitumia mwiko wa Muhindo. Asijue.

Ijumaa, 21 Machi

Zuhura amebadilisha mchezo. Amesema ilimchukua siku mbili, kwa kuwa kila kitu kilikuwa kinategemea ile hesabu ya kupanda. Sasa kiumbe akifa jina lake linageuka rangi ya majivu na linabaki mahali pake. Anayefuata hachukui nafasi yake. Watu wanaojaribu mchezo wameanza kulalamika kuwa orodha imekuwa ndefu. Amewajibu kuwa ndivyo ilivyo.

Nilimshukuru. Sikulala vizuri hata hivyo. Katika mchezo nimeshinda. Mimi nataka orodha. Masika anataka mtoto aitike. Mimi sikumshika yule mtoto. Sikumwosha. Sikusikia sauti yake. Ni rahisi kutunza hesabu ukiwa mbali.

Jumapili, 23 Machi

Masika amepiga. Nilikuwa nimejiandaa, hivyo nikasema haraka kabla rezo haijakufa.

"Mama Paluku, kama ni mwanaume, umuite vile unataka. Weye ndiye ulimushika."

Nikadhani simu imekatika. Kisha nikasikia analia, si kwa nguvu.

"Na weye?" akauliza.

"Miye nitaitika tu."

Jibu la kijinga. Ndilo lililotoka.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Hakuna kazi. Nilihesabu matone ya paa kwenye sufuria. Nilikwenda kwa Zuhura mara nne kutazama simu iliyokuwa imejaa chaji tangu asubuhi.

Ijumaa, 28 Machi

Vinyonga wamekwenda. Mama Kahindo alikumbusha ahadi. Tuliwabeba na sanduku lao mpaka ua wa miti nyuma ya jengo. Jike kwanza, kisha wadogo, kila mmoja tawi lake. Muhindo alitazama kutoka ghorofa ya tatu na hakushuka mpaka tulipomaliza.

"Bamekwenda?"

"Bamekwenda."

"Bote?"

Nikasema tisa. Sikutaka kumweleza.

Hakuna simu. Siku za Masika kuzaa zimefika. Mti wa ngazi umevunjika leo, hakuna aliyekuwa juu yake. Nikamwambia kapita, unaona. Akasema anaona.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Zuhura amevaa kijani. Amepika pilau, amegawa kwa parsele nzima, Mama Kahindo amekula sahani mbili na kuuliza kama mkono uliopika uliwahi kushika kinyonga. Mchezo umetoka asubuhi. Watu wanapiga, wanasifu, wanauliza namna ya kuweka udongo kwenye kioo. Nilikuwa nasafisha sahani uani simu yangu ilipolia.

Masika. Sauti ndogo, imechoka. Amebebwa mpaka kilimani kwa machela ili anipigie. Alizaa juzi alfajiri. Mzima. Mtoto mzima.

Nikauliza, Kasereka mzima?

Akacheka. Sijamsikia akicheka tangu mwaka jana.

"Ni binti, Baba Paluku."

Nilikaa chini, juu ya sahani.

Akanieleza. Mtoto alipotoka, kabla hawajamwambia ni nini, yeye aliita. Aliita Kasereka, kwa sauti, mbele ya wote. Na mtoto akalia papo hapo. Kisha wakamgeuza wakaona. Mama yake akasema basi, hakuna la kubishana, huyu amegeuza njia.

"Muhindo," nikasema.

"Muhindo," akasema. "Nafasi ya Kasereka imebaki pale pale. Mais niliita. Na mutu aliitika."

Rezo ikafa hapo.

Baadaye nilimwambia Zuhura kuna jina nililolisahau, kwa kuwa nyumba yetu ilikuwa ya wavulana watupu. Nilipaswa kulikumbuka, nalibebea mchanga kila siku. Akafungua mashine, nikamweleza: wakizaliwa wa jinsia moja mfululizo, kisha akaja wa jinsia nyingine, huyo hafuati mstari, ni Muhindo. Akaandika.

Akanipa simu ya zamani, kinyonga amepangwa kuzaa kama nyumba yangu. Nilimwekea kinyonga wa mchezo maji na majani, nikangoja. Paluku. Kambale. Kasereka, wa majivu. Muhindo. Nilibonyeza jina la tatu. Halifunguki. Lipo tu.

Mvua imekatika. Kesho ghorofa ya tatu, ngazi mpya.